Ya Mia na Kumi na Nne

Ukija kwetu, kule juu ya Kadutu,
usiulize namba ya nyumba, uliza ngazi.
Yangu ni ya mia na kumi na nne.
Nilizihesabu siku niliyohamia, kwa mchezo tu,
beseni la sambaza kichwani, shingo wima,
nikafika mlangoni bado nina pumzi
ya kugombana juu ya bei.

Sasa ni goti linalozihesabu.

Limejaa maji, amesema daktari.
Maji! Bomba letu limekauka tangu Pasaka,
na maji yote ya kartye
yamekuja kukaa mguuni mwangu.

Mkataba unasema mwaka mzima.
Unasema garanti ya miezi sita, dola mia tatu,
hairudi mpangaji akitoka kabla ya siku.
Unataja rangi, vitasa, kioo cha dirisha.
Niliusoma mara mbili karibu na taa ya mafuta
nikitafuta neno goti.
Halimo.

Nikamtuma Cishugi, kijana wa jirani,
na karatasi ya daktari hadi Nguba, kwa Papa Ntakwinja.
Jibu lilirudi kwa mdomo:
ugonjwa wake hakuupanga kwangu.

Jumapili, baada ya misa, akaja mwenyewe.
Nilisikia fimbo kabla ya kumwona.
Ko. Kimya.
Ko. Kimya kirefu zaidi.
Nikachungulia: ameketi ngazi ya sitini na moja,
kofia mapajani, vifungo vya koti wazi,
analitazama ziwa
kama mtu aliyetoka nyumbani kwa nia ya kulitazama.

“Mama Nsimire, shuka tuongee!”
“Papa, panda!”

Hakupanda. Sikushuka.
Ngazi hamsini na tatu kati yetu,
na watoto wa maji, bidoni za njano mgongoni,
wakatubebea maneno juu na chini:
Anasema atarudisha miezi miwili.
Anasema hapana, minne.
Anasema, na kioo?
Anasema kioo alikikuta kimepasuka.
Anasema, huyo daktari wako jina lake nani?
Mama, anasema pia
usicheke, amekusikia.

Mwishowe nilishuka kwa makalio,
ngazi kwa ngazi, kama mtoto wa miezi minane,
kitenge kikizoa matope ya mvua ya asubuhi,
na kartye yote milangoni, imenyamaza kwa adabu
ile inayouma kuliko kicheko.
Nilipofika ya sitini na mbili
akasogea, akanipangusia nafasi kwa kofia yake.

Tukakaa. Alikuwa bado anahema.
“Nyumba hii nilijenga nikiwa na miaka thelathini,” akasema.
“Mawe nilipandisha mwenyewe.”
Sikumjibu. Niliangalia viatu vyake,
kimoja kimefungwa kamba, kingine kimeachwa wazi
kwa ajili ya uvimbe.

Akahesabu miezi minne.
Ya kioo akakata, dola kumi na tano,
hilo hakulisahau.
Noti moja ya ishirini ilikuwa imechanika pembeni,
na Bukavu nzima hakuna anayepokea noti iliyochanika.
Nikamrudishia.
Akaigeuza kwenye jua, akaguna,
akatoa nyingine soksini.

Kitanda kilishuka mabegani mwa vijana wanne,
beseni likashuka, sufuria zikashuka zikilia.
Mimi nilikuwa mzigo wa mwisho,
mgongoni mwa Cishugi, macho nimefumba,
nikimhesabia kinyumenyume sikioni
mpaka akaniomba ninyamaze.

Huku Panzi nyumba iko sawa na barabara.
Mlango hauna hata kizingiti.
Ziwa silioni; naona ukuta wa jirani
na mashati yake matatu, Jumatatu hadi Jumatatu.
Wateja wa sambaza wanasimama dirishani,
wananiita, nanyoosha mkono tu.

Lakini usiku nikiamka kwenda nje,
mguu wa kushoto unajiinua wenyewe,
unatafuta gizani, unakanyaga hewa,
kisha sakafu, kwa kishindo.
Nauambia polepole, nisiwaamshe wenye nyumba:
ya mia na kumi na tano haipo, mzee.
Haikuwepo hata kule.