Nusu Saa Bila Utamu

Panya wangu wana mikia iliyotiwa wino:
mstari mmoja, miwili, mitatu.
Wa mmoja wanakunywa maji.
Wa miwili wanakunywa sukari iliyoyeyushwa,
na wanaipenda, tusidanganyane,
huning'inia kwenye mrija hadi uso ukalowa.
Wa mitatu hupewa sukari ileile,
kisha, kila siku saa tatu asubuhi, tone la kijani chungu
nililolikamua mwenyewe: jani la sirukurinjan,
mmea utambaao kwenye vichaka vya milimani,
unaouzwa sokoni Coimbatore kwa fungu,
umefungwa kwa uzi wa mgomba.

Nayakausha kivulini. Nayasaga. Nayaloweka kwenye spiriti siku tatu,
nachuja, nachemsha polepole hadi ibaki lami
inayonata kijikoni kama deni.

Dakta Thenmozhi hupita nyuma yangu, kalamu sikioni:
"Isaivani, andika ulichokiona.
Ulichokitamani, kakiandikie barua."

Basi hii ni barua.

Baba yangu, Muthukaruppan, mpishi wa haluwa, Tirunelveli,
miaka thelathini na minane mbele ya karai la shaba,
mwiko umempita kimo.
Tui la ngano, sukari, samli, samli tena.
Kila karai lazima lionjwe, na ulimi ni wake.
Siku moja nilijaribu kuhesabu vijiko,
mara siku, mara mwaka,
nikakoma nilipofika uzito wa ng'ombe.

Mwaka jana moyo wake ulianza kukwama ngazini.
Daktari akamwonyesha picha: ukuta umenenepa,
chumba kimebana, damu inapita kwa kuomba njia.
Baba aliuliza swali moja tu:
"Sasa nani ataonja?"

Deepavali nilishuka kwa basi la usiku,
majani sita ndani ya leso.
Tafuna, baba, usimeze haraka.
Akatafuna, akakunja uso
kama mtoto aliyekuta shubiri kwenye ziwa la mama.
Kisha akachota haluwa, ya moto, inayong'aa,
akaiweka ulimini.

Akanyamaza.

"Mchanga," akasema. "Mchanga uliopakwa mafuta."
Akachota tena, kwa hasira,
kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake
akajibiwa na wapangaji.
"Samli hii imeungua. Tangu lini?
Na ngano ina uchachu. Tangu lini, Isai?"

Miaka yote ile sukari ilikuwa imemfichia,
shahidi aliyelipwa vizuri.

Nilitaka kumweleza: ni chembe tu, baba,
zimekalia viti vya sukari mdomoni mwako, zitanyanyuka.
Sikumweleza. Aliketi juu ya gunia,
kiganja kifuani, upande ule, akingoja,
na nje wateja wamepanga foleni hadi kwa muuza maua,
wakilamba vidole.

Dakika thelathini na nne. Nilipima; ni mazoea ya kazi.
"Umerudi," akasema, taratibu,
kama anayetaja jina la mgeni
asiyejua kama amfurahie.

Jumatatu tuliweka mioyo ya panya mizanini,
midogo, kila mmoja kama punje ya harage bichi.
Ya mistari miwili: mizito.
Ya mitatu: mizito pia, pungufu kidogo,
na upungufu huo Dakta Thenmozhi aliukodolea macho
hadi chai yake ikapoa.
"Tutarudia," akasema.

Panya si baba. Jani si msamaha.
Na najua wapo watakaolinunua
ili kijiko kiendelee na safari yake.

Jana usiku amepiga simu.
Amemwajiri kijana wa kuonja, miaka kumi na tisa,
mtoto wa fundi baiskeli.
"Moyo wake mzima," akasema. "Nimeuliza."
Halafu kimya, na mwiko ukikwangua shaba,
ukikwangua,
ukikwangua.

"Nitumie yale majani," akasema.
"Si yangu."