Mshale wa Mizani

Neno lililowatoa jasho lilikuwa moja: *sasa*.
Usiku kucha, chumbani kwa Lupondije, Kirumba,
kandili ikila utambi,
wanaume watatu waliligombania kama mfupa.
Nkwabi wa chama cha pamba alitaka libaki.
Mwalimu Rwegoshora alitaka *mapema iwezekanavyo*.
Lupondije, karani wa mizani, akakuna kidevu:
"Tuandike *bila kukawia*. Haligombi, wala halisinzii."

Asubuhi wakavaa makoti, wakapanda kwa Bwana Shauri.
Akainua kalamu nyekundu,
akalikata,
na juu yake, kwa mwandiko mzuri mno,
akaweka *wakati ukiwadia*.
Kisha akawapa chai.
Wakainywa.
Chai hiyo ndiyo hatukuwasamehe.

Tuliwangoja darajani Mirongo, vijana wa Igogo,
mikono mitupu, midomo imejaa.
Nilikuwepo, nisidanganye.
"Fifi!" tukapiga kelele. "Fifi! Fifi!"
Jina la pamba yenye madoa,
aliyoitenga na safi miaka kumi na sita
bila kumpunja mkulima hata ratili.
Mmoja akamrushia konzi ya mbegu.
Zikanasa kwenye nywele. Hakujipangusa.

Wiki ya pili askari walikuja na rungu.
Tulikamatwa kumi na mmoja.
Nani alisimama mlangoni kwa Bwana Shauri
siku nne, kofia mkononi?
Nani aliinywa tena ile chai?
Tulitoka.
Hatukuuliza bei.

Usiku wa bendera, fataki zikiwaka juu ya ziwa
na ziwa likizirudisha,
nilimwona nyuma kabisa ya umati,
akipiga makofi taratibu
kama mtu asiye na hakika kama amealikwa arusini.
Nilitaka kumfuata.
Watu walikuwa wengi.
Ndivyo ninavyojiambia hadi leo: watu walikuwa wengi.

Mkulima huutazama mshale akidhani unamwibia,
mnunuzi huutazama akidhani unamfilisi.
Mshale wenyewe hauli pamba.

Juzi, matangani, binti yake Kabula
alinionyesha rasimu ya barua ile, karatasi imegeuka rangi ya chai.
Mwandiko ni wa Lupondije, tangu juu hadi chini.
Palipo na *bila kukawia* karatasi imechubuka;
kuna neno lilifutwa kwa raba mbovu.
Nikaisogeza dirishani.

Lasomeka.
Yeye ndiye aliyeliandika kwanza.