Kama Hakuna, Rudi

Asubuhi ile Endel alipiga simu kutoka Võru,
sauti ya mfuga nyuki, haina haraka:
"Binti, huko kwenu kuna mtu anapenda asali kiasi hiki?"
Mtungi mmoja, malipo kumi na moja,
yote kati ya saa tisa usiku na saa tisa na dakika mbili.

Nikafungua kumbukumbu za seva, nikahesabu na mimi.
Kumi na moja.
Wakala aliomba, mtandao ukakohoa, jibu halikurudi.
Akaomba tena. Akaomba tena.
Hakuiba. Hakulewa. Hakusinzia.
Alitii sentensi yangu, niliyoiandika mwezi wa tatu
mguu mmoja tayari ndani ya buti, basi la mwisho likinguruma nje:
"Ukishindwa, jaribu tena."

Miaka kumi na sita nimewaandikia watu.
Mtu ukimwambia ajaribu tena, atajaribu mara ya pili,
ya tatu atakuna kichwa, ya nne atamwita jirani wa meza.
Penye pengo langu huweka aibu yake,
huweka bili yake ya umeme,
akanifanya nionekane mwandishi makini.
Msomaji huyu mpya hana mfuko wa kutoboka.
Nisichosema, kwake hakipo.
Nilichosema ndiyo dunia nzima.

Basi leo naandika upya. Theluji inauangukia mto Emajõgi,
na Tarmo anauliza kulikoni ukurasa mmoja unakula siku.

Kiasi huandikwa kwa senti. Mia tano ni yuro tano,
si yuro mia tano. (Nimelisema mara mbili. Liache.)
Kila ombi lina namba yake; namba ile ile, malipo yale yale,
hata ukibisha hodi mara mia.
Kurejesha fedha ni mlango mwingine, usiupitie kwa kubahatisha.
Kimya si hapana.
Kimya si ndiyo pia.
Kimya

hapo vidole vikagoma. Kimya unakieleza vipi
kwa asiyewahi kusubiri mtu?

Nikamkumbuka bibi Leida, jikoni, miaka ya foleni,
akifunga kopeki kumi na nne kwenye pembe ya leso,
fundo la kufunguliwa kwa meno.
Nilikuwa na miaka sita.
"Mkate mweusi mmoja. Wakisema ngoja, ngoja.
Kama hakuna, rudi."

Mkate haukuwepo.
Nami nikaona haya kurudi mikono mitupu,
fedha zinanichoma kiganja, nimetumwa, lazima nitumike,
nikanunua viberiti. Vibiriti kumi na vinne, kopeki moja moja.
Bibi hakunichapa. Alivipanga juu ya jiko
tukawashia moto majira mawili ya baridi,
na kila alipokwaruza njiti alinitazama kidogo.

Mjumbe hauawi, nakubali.
Lakini aliyemtuma na aulizwe: ulimwambiaje?

Nikafuta. Nikaandika:
"Usipopata jibu, usilipe tena. Uliza kwanza
kama malipo yamepita. Kama bado hujui,
acha. Mrudie aliyekutuma, umwambie hujui.
Kurudi mikono mitupu si kosa."

Tarmo akasema sentensi ya mwisho haina kazi,
mashine haioni haya, tunapoteza nafasi.
Labda. Nimeiacha.

Endel alirudisha malipo kumi, moja moja,
kwa kidole kimoja, jioni nzima, mkewe akimsomea namba.
Mtungi ule wa kumi na moja ulifika ofisini kwa posta,
karatasi imebandikwa: Kwa yule mlafi.
Tunautia kwenye chai. Umebaki nusu.

Na usiku wa leo, saa tisa, sisi tukiwa tumelala,
kuna atakayefika kwenye mstari wangu, peke yake,
ameshika fundo la fedha za watu,
mlango umefungwa, hakuna anayejibu.