Silinda ya Saba

Gari la Daktari Ogembo limeingia karakana
likinguruma kama mtu aliyedhulumiwa shamba.
Rangi yake pilipili iliyoiva,
bei yake nyumba tatu Kitengela,
silinda nane, nne huku na nne kule,
zimeegama kama mikono inayopokea mzigo.

"Linatetemeka," asema. "Nikiwa mwendo wa themanini
pale Southern Bypass, barabara ikinyooka,
sauti inashuka, inakuwa trekta yenye mafua.
Sikununua nane ili nne zilale."

Namweleza, mikono ikinuka oili:
hiyo si hitilafu, daktari, huo ni ubahili uliokwenda shule.
Ukikanyaga kidogo, kompyuta hujiuliza:
nane za nini kwa kazi ya nne?
Hapo msukumo wa oili huchomoa pini ndani ya tapeti,
vali hufumba, ya kuvuta na ya kutoa,
petroli hukatwa,
na ya kwanza, ya nne, ya sita, ya saba
hulala.

Hulala, lakini hazisimami. Hilo watu hawalijui.
Pistoni inaendelea kupanda na kushuka
na pumzi moja iliyofungiwa kifuani,
inaibana, inaiachia, inaibana,
haichomi kitu, haipewi kitu,
inabebwa na wenzake wanaowaka.

Daktari alitazama saa yake.

Mwezi wa nne, petroli ilipopanda tena
na wateja wakaanza kuyaacha magari nyumbani,
Bwana Lusweti alituita mafundi nane chini ya winchi.
Alisoma karatasi kama mtu anayesoma menyu:
Okumbe. Nzilani. Gichohi. Wafubwa.
"Mpumzike kidogo. Kazi ikizidi nitawaamsha."
Neno kufuta halikutoka kinywani mwake.
Jina langu halikutoka pia.
Nikashukuru kimyakimya, nikaona haya,
kisha nikachukua spana ya Nzilani
kwa sababu ilikuwa karibu.

Tangu hapo nafanya kazi ya wawili.
Usiku vidole hukataa kukunjuka.

Gichohi ndiye aliyeshindwa kulala.
Kila siku saa mbili kasoro robo yuko Barabara ya Dakar,
ovaroli imepigwa pasi,
anapanda hadi kona ya kiwanda cha rangi,
anashuka hadi kibanda cha chai cha Mama Kerubo,
anapanda tena.
Mlinzi humsalimia. Bwana Lusweti hupandisha kioo.

Nimeunganisha laptopu.
Kuna kisanduku kidogo kwenye skrini:
ukikibonyeza, hakuna silinda itakayolala tena,
tangi litakunywa, daktari atalipa, basi.
Kidole changu kilikaa hapo
muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nikaona nilitoe kwanza nilisikilize.
Langoni Gichohi aliinua mkono, wala haikuwa salamu.
Akainamisha kichwa upande mmoja,
gilasi ya chai mkononi, imetulia tuli.
"Zima. Washa. Kanyaga. Achia."
Nikaachia.
"Saba," akasema. "Tapeti ya saba imekwama.
Imelala, imeitwa, imeshindwa kuamka sawasawa.
Ukizima mfumo kwa kompyuta
utakuwa umefunika donda kwa shuka."

Jioni kichwa cha injini kilikuwa juu ya gunia
na ile tapeti kiganjani mwangu:
gurudumu lake limelika upande,
pini imegandishwa na oili iliyochoka.
Zile zinazowaka kila siku,
ya pili, ya tatu, ya tano, ya nane,
zilikuwa ziking'aa kama vijiko vya harusi.

Kwenye kadi ya kazi kuna mstari: Aliyegundua.
Nikaandika GICHOHI,
nikaipeleka ofisini,
nikaiweka juu ya kikokotoo cha Bwana Lusweti,
mahali ambapo hawezi kuhesabu kitu
bila kwanza kuisogeza.