Bawabu wa Bonfim

Miaka thelathini na mmoja nilikaa mlangoni,
jengo namba arobaini na saba, Bonfim, mjini Porto,
kiti cha mbao, redio, funguo kumi na tisa kiunoni.
Mtu nilimjua kwa kikohozi chake
kabla hajafika ngazi ya pili.

Sasa Hermínio, mwanangu, kanitumia kompyuta kutoka Luksemburg,
imeviringwa blanketi kama mtoto mchanga,
na kikaratasi: *Mama, usiingie mtandaoni kabla ya kuiwekea kinga.*

Kinga ipi?

Valdemar wa ghorofa ya tatu anaapa kwa ile ya bure.
"Paka halipwi mshahara," asema, "na panya anakamata."
Lakini kila asubuhi paka huyo humfungulia dirisha jekundu
akimsihi amnunue kaka yake, yule wa kulipiwa.
Nimewahi kuwa na jirani wa namna hiyo:
alinibebea mtungi wa gesi mara moja,
akanikumbusha hadi siku ya mazishi yake.

Bi Eufrásia wa duka la dawa hulipa euro arobaini kwa mwaka.
Rahisi ghali, aniambia, huku akihesabu vidonge vyangu.
Kijana wa dukani, ndevu zimechongwa kwa rula,
akanisomea kasha: hukamata virusi asilimia tisini na tisa.
"Na hiyo moja iliyobaki," nikamuuliza, "hupitia wapi?"
Akatazama viatu vyake.

Basi nikaweka zote mbili.
Fahali wawili zizi moja!
Kila mmoja akamshika mwenzake koo, akimwita mwizi.
Feni ikanguruma, meza ikatetemeka,
mshale ukatambaa kama konokono kwenye ukuta wenye maji.
Nikamtoa yule wa bure. Hakuondoka bila maswali:
*Una hakika? Una hakika kweli?*
Nina hakika, mwanangu. Nenda.

Ikabaki ngome, ule ukuta wa moto.
Huu nao una kazi niliyoijua: unauliza.
*Programu hii inataka kutoka nje. Ruhusu? Zuia?*

Kutoka!
Nikakaa kimya, kahawa ikapoa.
Miaka yote ile niliwakagua waingiao.
Kisha nikamkumbuka Bwana Baltasar, mpangaji wa ghorofa ya pili,
Agosti moja ya joto, zulia begani,
akanisalimia, akaniulizia mguu wangu,
nami nikamshikia mlango kwa mikono miwili.
Zulia halikuwa lake.
Wala vijiko vya fedha vilivyokuwa ndani ya zulia.

Nikazuia.
Saa ya kompyuta, nikazuia. Printa, nikazuia.
Hali ya hewa: nina dirisha, nikazuia.
Kitu kimoja kisicho na jina, herufi na namba tupu
kama bamba la gari la kigeni, nikazuia mara mbili.
Usiku ule nililala kama jiwe la kisima.

Jumapili, saa kumi na mbili jioni, nimechana nywele,
nimevaa hereni. Kioo kikabaki cheusi.
Saa moja. Saa moja na nusu.
Ikalia simu ya zamani, ile ya ukutani.
"Mama, umenifungia mlango."

Nikaipitia orodha kwa kidole, miwani puani,
nikamkuta mwanangu kati ya printa na mvua za kesho.
*Ruhusu.*
Akatokea vipande vipande, kwanza paji la uso, kisha kicheko,
na nyuma yake mtoto mwenye pengo
ambalo sikuwa nimeambiwa.

Wengine nimewafungulia mmoja mmoja, kwa kuwauliza.
Kile kisicho na jina kiko nje bado.
Kila siku saa tatu usiku kinabisha,
hakigongi kwa nguvu, kinaomba ruhusa, kinasubiri.
Kina adabu.
Baltasar naye alinisalimia.