Fomu ya Msamaha

Mwalimu wa zamu alitugawia karatasi nne,
wanne tuliobaki nje ya orodha ya makande.
"Mkajaze nyumbani. Ijumaa mwisho."
Juu yake: MSAMAHA WA MCHANGO WA CHAKULA.

Bibi alikuwa mlangoni anamenya viazi,
ukungu wa Isongole umemkalia mabegani
kama mtoto wa jirani asiyetaka kurudi kwao.
Nikamsomea kichwa cha karatasi.
Kisu kikasimama.
"Msamaha? Kwani tumemkosea nani?"

Nikasema, Bibi, ni neno la ofisini.
Mtu anadaiwa debe la mahindi, kilo sita za maharage
na elfu tano ya kuni na mpishi.
Akishindwa, anasamehewa.
"Na kushindwa," akasema, "hilo nalo ni la ofisini?"

Swali la kwanza: nyumba imeezekwa kwa nini?
"Bati. Andika ishirini na mawili.
Baba yako aliyaleta juu ya lori la mbao akitoka Chunya,
akagongelea msumari wa mwisho huku anakohoa."
Fomu haikuwa na nafasi ya kikohozi.
Nikaandika: bati.

La pili: mifugo?
"Ng'ombe mmoja."
Bibi, yule si wetu, ni wa Bwana Shamba mstaafu,
sisi tunamkatia majani tu,
maziwa ya asubuhi yake, ya jioni yetu akipenda.
"Analala kwa nani?"
Kwetu.
"Basi usimkane aliyelala kwako."
Nikaandika: mmoja.

La tatu: mazao ya biashara.
Mparachichi nyuma ya choo, umezaa mara moja;
wanunuzi walisimamisha gari, wakabonyeza tunda,
wakasema madogo, wakaondoka.
Nikaandika: parachichi.

Kisha nikaisoma yote tangu juu.
Kwa mwandiko wangu mwenyewe
tulikuwa matajiri.

Mtendaji alikuwa na mihuri miwili na kidau kilichokauka.
Alisoma akitabasamu, bila ubaya:
"Bati, ng'ombe, parachichi.
Mama Syabumi, kwa vigezo hivi hamstahili."
"Ndaga," akasema Bibi. "Ila bati tumelijaribu, baba.
Halichemki."

Ulikuwa umebaki mstari mmoja, SABABU NYINGINE.
Nikaandikia palepale koridoni,
Bibi ameinama, mgongo wake ndiyo meza:
*Mwanafunzi huyu anastahimili kupata chakula cha mchana.*
Mtendaji akapumulia muhuri mpaka ukalowa,
akaugonga.

Mwalimu Tusajigwe alilizungushia neno wino mwekundu.
"Umekusudia *anastahili*. Silabi moja imezidi. *Mi*."
Nikaitazama ile *mi*,
ndogo, imebanwa katikati ya neno
kama mimi saa saba mchana, kati ya jiko na bomba,
nikisukutua mdomo
nionekane nimekula.

Nikaomba ufutio.
Hakunipa.
Kalamu yake ilikaa juu ya neno muda mrefu,
mvua ikaanza kupiga bati la shule,
bati ambalo halijawahi kumnyima mtu kitu.
Akaandika pembeni, kwa herufi za kukimbia:
*Iende kwenye kamati hivi hivi.*

Kamati inakaa mwezi ujao, wakipata akidi.

Bakuli langu la kijani liko ndani ya begi,
chini ya daftari la hisabati.
Jana nililitoa, nikalifuta, nikalirudisha.
Njiani, ng'ombe wa watu alikuwa amesimama mtaroni,
anakula majani yaliyolowa,
anatafuna taratibu, ananiangalia.
Hajajaza chochote.