Nane Iliyolala

Otari kaipata sokoni, kule kwenye Daraja Kavu,
lari kumi na tano pamoja na mkoba uliogugunwa na panya.
"Kizuri chajiuza, Mzia," anasema.
Kibaya nacho hutembezwa, namjibu, keti.
Haketi. Ana harusi ya kupiga Jumamosi, huko Telavi.

Naielekeza lenzi kwenye taa.
Ina mtoto wa jicho.
Kuvu imetambaa toka ukingoni kuelekea mboni,
mizizi mitupu, mti haupo.
Imefungiwa kabatini miaka, nadhani, gizani, ndani ya ngozi.
Waliosema akiba haiozi
hawakuwahi kuhifadhi kioo.

Pete ya mbele imegoma.
Naipasha kwa mashine ya kukaushia nywele, naidondoshea asetoni,
nangoja, najaribu, bado.
Na kuna mtu alinitangulia: kachubua vishimo vyote viwili
kama anayefungua kopo la samaki kwa kisu.
Nikamtukana fundi huyo, nikamtukana na aliyemfundisha.
Pete ikaachia. Chini yake, kwa penseli,
herufi mbili na mwaka: themanini na tatu.
Mwandiko ni wangu.
Aliyenifundisha alikuwa baba.

Samahani, baba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa
na mikono ya haraka.

Basi. Peroksaidi, amonia, pamba,
duara kutoka katikati kwenda nje.
Kuvu inatoka. Njia zake hazitoki;
imekula ule utando wa zambarau juu ya kioo
na kuacha ramani ya ilikopita.
Otari atauliza. Nitamwambia asiielekeze kwenye jua.

Grisi ya zamani imekuwa gundi. Naisugua kwa mswaki, natia mpya,
narudisha silinda ndani ya silinda,
na hapo ndipo kazi: hesi zina midomo sita,
mmoja tu ndio mkweli.
Nalenga mnara wa televisheni kule mlimani,
nazungusha hadi kwenye nane iliyolala, alama ya kusiko na mwisho.
Kusiko na mwisho kunaishia kwenye soksi za jirani, kambani.
Naitoa. Mdomo wa pili. Wa tatu.
Kwa wa tano mnara ukasimama, kila chuma na kivuli chake.

Nikakaza skrubu zote, nikainua lenzi kwenye taa
nijisifu kidogo.
Uzi mmoja wa pamba, katikati kabisa, umejikunja
kama mkato.

Otari anagonga mlango.
Bisibisi iko wapi?